Siku Moja Kwenye Uwanda wa Nyasi Mlimani: Panga Ukianzia Jioni

Safari ya siku moja kwenda kwenye uwanda wa nyasi ulio juu mlimani huonekana jambo dogo: begi, maji, viatu, twende. Nayo huharibika kwa sababu ndogo vilevile. Watu hupanga saa ya kuondoka nyumbani, wakaiacha saa ya kurudi ijipange yenyewe. Hapa tunakwenda kinyume. Tunaanza na saa ambayo lazima miguu iwe imefika chini, kisha tunahesabu kurudi nyuma mpaka saa ya kuamka. Hata utulivu unaofuatwa huko juu unategemea hesabu hiyo, maana uwanda ulio kimya saa 3 asubuhi unaweza kujaa kelele kama sokoni ifikapo saa 6 mchana.

Kuchagua uwanda

Usianze na picha nzuri ulizoziona kwenye simu. Uwanda unaopigwa picha sana ndio unaotembelewa sana. Anza na ramani yenye kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja. Kontua zikibanana, mteremko ni mkali. Zikiachana, ardhi imelala. Uwanda hujionyesha kama mahali ambapo kontua zimeachana katikati ya mikanda miwili iliyobanana: unapanda, unafika tambarare, na nyuma yake mlima unaendelea. Kwenye ramani ya 1:25,000, sentimita 1 ni mita 250 ardhini. Kwenye ya 1:50,000 ni mita 500. Kama kontua zimepangwa kila mita 20, na ndani ya sentimita 1 ya ramani ya 1:25,000 unavuka nafasi 5, basi unapanda mita 100 ndani ya mita 250. Hapo watoto watalia na wakubwa watanyamaza.

Tazama na kijito. Kikipindapinda kama nyoka, ardhi ni bapa na huenda imelowa. Kikishuka moja kwa moja, kuna mwinuko na maji hayatuami. Picha ya setilaiti itakuongezea habari: mabaka ya kijani iliyokoza katikati ya nyasi zilizopauka mara nyingi ni maji chini ya majani. Angalia pia picha hiyo ilipigwa msimu gani, maana kijani cha masika hakisemi lolote kuhusu kiangazi.

Kwa upande wa utulivu, kuna mambo matatu ya kupima. Kwanza, umbali kutoka maegesho: zaidi ya saa moja ya kupanda huchuja wengi. Pili, uwanda usiwe njiani kuelekea kilele, ziwa au maporomoko ya maji, kwa sababu kila anayekwenda huko atapita mbele yako. Tatu, na hili husahaulika, uwe na bega la mlima kati yako na barabara. Uwanda unaotazama bonde husikia kila lori linalopita chini, hasa asubuhi, hewa baridi inapokuwa imelala bondeni na ya joto kuwa juu yake. Hapo sauti hupindishwa kurudi ardhini na kusafiri mbali. Uwanda uliojificha nyuma ya bega unaweza kuwa kilomita 2 tu kutoka barabarani na usisikie kitu.

Ukishachagua, uliza wanaosimamia eneo: ardhi ni ya nani, kibali kinahitajika au la, kuna msimu wa kufunga njia, uwindaji, au katazo la moto. Uliza na wanyama wa huko na namna wanavyotaka wageni waenende nao. Simu ya dakika 5 huokoa siku nzima.

Hesabu ya muda

Kanuni inayotumika sana ni ile ya mpanda milima wa Scotland, William Naismith, ya mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5 za njia, na saa 1 ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Ni kanuni ya mtu mwenye afya anayetembea bila kusimama. Kwa kundi la kawaida, weka kilomita 4 kwa saa badala ya 5, na ongeza mapumziko ya dakika 10 kwa kila saa.

Tuchukue mfano. Njia ni kilomita 6 kwenda, na kupanda ni mita 450. Kilomita 6 kwa mwendo wa 4 kwa saa ni saa 1 na dakika 30. Mita 450 ni robo tatu ya 600, yaani dakika 45. Jumla saa 2 na dakika 15. Weka dakika 20 za mapumziko, inakuwa saa 2 na dakika 35. Kushuka hesabu saa 1 na dakika 45. Usidhani kushuka ni bure: magoti huchoka, changarawe huteleza, na ajali nyingi za kifundo cha mguu hutokea watu wakiwa wanawaza chakula cha jioni.

Sasa geuza. Tuseme ni msimu ambao mawingu ya radi hukusanyika alasiri, hivyo mnataka kuondoka uwandani saa 7:00 mchana. Mnataka kukaa huko saa 2 na nusu, kwa hiyo mfike saa 4:30 asubuhi. Toa saa 2 na dakika 35: mguu wa kwanza uwe njiani saa 1:55 asubuhi. Ongeza dakika 20 za kufunga viatu, kujisaidia na kumsubiri yule anayetafuta kofia (yuko kila kundi), kisha muda wa gari. Hiyo ndiyo saa ya kuondoka nyumbani. Chini mtafika saa 8:45 mchana, na jua likizama saa 12:30 jioni mna akiba ya karibu saa 4. Akiba hiyo haina mpango wowote ndani yake. Ni ya kifundo kilichoteguka, njia iliyokosewa au mvua ya kujificha, na ukianza kuipangia shughuli itakuwa haipo siku utakayoihitaji.

Weka pia saa ya kugeuka. Katika mfano huu iwe saa 5:15 asubuhi: ikifika na uwanda hamjauona, mnageuka popote mlipo. Itamkeni kabla ya kuanza, kila mmoja aisikie, kwa kuwa kuijadili mkiwa mmebakiza “kamkunjo kamoja tu” hakujawahi kumgeuza mtu. Na kumbuka kwamba jua la mlimani huondoka mapema: likishaingia nyuma ya kilele, bonde huwa kivulini hata saa nzima au zaidi kabla ya machweo ya kalenda, na baridi huanza papo hapo.

Msimu na siku

Maua hayangoji likizo. Kwenye milima yenye theluji, huchanua wiki chache baada ya theluji kuyeyuka, yakianzia chini na kupanda taratibu. Kwenye milima ya mvua, hufuata mvua. Ukichelewa kwa uwanda wa chini, wa juu zaidi huenda ndio kwanza unaanza. Ila ardhi ya mara tu baada ya theluji au mvua kubwa ni sponji, na kila nyayo huacha shimo litakalokaa mwaka mzima. Mkiwa na hiari, ngojeni njia ikauke. Siku ya kazi ni bora kuliko wikiendi.

Joto hupungua takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mji ulioko mita 1,000 chini ukiwa na nyuzi 24, tarajia 17 au 18 uwandani, kabla ya kuhesabu upepo. Uwanda ulio kama bakuli huwa baridi zaidi alfajiri, kwa sababu hewa nzito ya usiku hutiririka kutoka miteremkoni na kutuama humo. Ndiyo maana suruali hulowa umande mpaka magotini hata siku isiyo na wingu. Soma utabiri wa mlimani, au wa kituo kilicho karibu na kimo hicho. Wa mjini utakudanganya.

Begi

Lita 20 hadi 25 zatosha kwa mtu mmoja. Mambo machache ndiyo yenye uzito wa kweli.

Maji: nusu lita kwa kila saa ya kutembea, zaidi kukiwa na joto. Siku ya mfano wetu ina saa 4 na zaidi za mwendo na saa 2 na nusu za kukaa, kwa hiyo lita 2.5 hadi 3 kwa mtu, yaani kilo 3 mgongoni. Kijito cha uwandani kinaweza kung'aa kama kioo huku mifugo ikinywa na kujisaidia mita 300 juu yake. Maji hayo yachemshwe kwa dakika 1 baada ya kutokota, dakika 3 mkiwa juu ya mita 2,000, kwa sababu huko maji hutokota kwenye joto dogo. Chujio zuri nalo linafaa. Vidonge vya dawa huhitaji muda ulioandikwa kwenye pakiti, na maji baridi huhitaji muda mrefu zaidi.

Nguo: tabaka tatu. La ndani likauke haraka, la kati litunze joto, la nje lizuie upepo na mvua. Fulana ya pamba ni nzuri mjini. Ikilowa jasho mlimani hukaa na maji hayo na kukunyonya joto mara tu unapoketi. Asiyekuwa na nyingine abebe fulana ya pili kavu, aivae akifika. Badiliko hilo moja hutofautisha wanaofurahia uwanda na wanaotetemeka wakisingizia njaa. Soksi kavu jozi moja ziwe ndani ya mfuko wa plastiki.

Jua: miale ya kuunguza huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000, na ubaridi wa upepo hukuficha usijue unaungua. Kofia yenye ukingo, mafuta ya kujikinga ya kupaka tena kila saa 2, na usisahau masikio na nyuma ya shingo.

Dharura: tochi ya kichwani (hata kwa safari ya mchana), filimbi, blanketi jepesi la kuakisi joto, bandeji, plasta na kibano chenye ncha nyembamba. Simu iwe na ramani iliyopakuliwa, iwekwe kwenye hali ya ndegeni, na ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, maana betri hudhoofika kwenye baridi. GPS ya simu hufanya kazi bila mtandao wa simu. Bila ramani iliyopakuliwa itakuonyesha nukta ya buluu juu ya karatasi tupu. Ramani ya karatasi na dira havihitaji chaji.

Chakula kisichohitaji kupikwa ndicho bora. Kula kidogo kidogo kila saa badala ya mlo mmoja mzito utakaokulaza.

Ujumbe wa kuacha

Usiku wa kuamkia safari, mwandikie mtu mmoja anayebaki, tena kwa maneno yasiyo na tafsiri mbili: “Tuko 4. Tunapanda njia ya mashariki hadi uwanda wa pili, tunarudi njia hiyohiyo. Gari jeupe liko mwanzo wa njia. Tutakupigia kabla ya saa 10:00 jioni. Ikifika saa 12:00 jioni hujatusikia, wapigie waokoaji na uwasomee ujumbe huu.” Ongeza namba ya waokoaji wa eneo lile. “Tunakwenda mlimani, tutarudi jioni” hakumsaidii mtu yeyote kuwatafuta.

Njiani

Anayetembea polepole atangulie. Akiwekwa nyuma, kundi litamsubiri, na kila anapowafikia wao wameshapumzika wanaondoka, hivyo yeye hapumziki kabisa. Mwendo sahihi ni ule unaokuwezesha kusema sentensi nzima bila kuhema.

Kisigino kikianza kuwa moto, simama hapohapo. Vua kiatu na soksi, futa mchanga, kausha ngozi, bandika plasta pana isiyo na mkunjo, vaa soksi ukiinyoosha, kaza kamba ya kiatu sehemu ya kifundo ili kisigino kisicheze. Ni kazi ya dakika 4. Ukisubiri mpaka uwandani, moto huo utakuwa lengelenge, na lengelenge litakuwa na kilomita 6 za kurudi.

Mkipita palipo na tope, piteni katikati ya tope. Kila anayelikwepa kwa pembeni huipanua njia, na nyasi za mlimani, zenye msimu mfupi wa kukua, huchukua miaka kuziba pengo. Mageti yaacheni mlivyoyakuta. Ng'ombe wenye ndama wazungukeni kwa mbali, msipite kati ya mama na mtoto. Mbwa wenu awe na kamba, lakini ng'ombe wakiwashambulia, mwachieni, kwa sababu yeye ndiye wanayemtaka na ana mbio kuliko ninyi. Mbwa wa kulinda mifugo akiwajia, simameni, semeni naye kwa sauti ya upole, kisha lizungukeni kundi lake taratibu.

Kuingia uwandani, na namna ya kutoka

Hapa ndipo watu hupotea, tena mchana kweupe. Njia iliyokuwa wazi msituni hufika kwenye nyasi na kuyeyuka, kwa kuwa kila mtu hutawanyika upande wake. Saa 2 baadaye, ukingo wa msitu unafanana pande zote. Kwa hiyo, ukipiga hatua 20 ndani ya uwanda, geuka. Tazama mdomo wa njia kama utakavyouona wakati wa kurudi: mti uliovunjika, jiwe lenye ukanda mweupe, pengo la kilele nyuma yake. Piga picha. Weka alama kwenye ramani ya simu.

Mahali pa kukaa mkishapachagua, elekeza dira kwenye mdomo ule, soma nyuzi, andika. Ukungu ukishuka, usiulenge moja kwa moja. Lenga kwa makusudi nyuzi 10 kushoto kwake. Kwa umbali wa mita 400, mtafika ukingoni mita 70 hivi kushoto ya njia, na mtajua kwa hakika kwamba ni kugeuka kulia. Mkiulenga wenyewe na kuukosa, hamtajua mmeukosa upande gani.

Mahali penyewe pa kukaa panataka kuchunguzwa kwa vidole. Chuma kishina kimoja cha jani na ukiviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikiviringika laini, ni nyasi ya kawaida. Kikikwama kwa pembe tatu, ni ndago, na wingi wa ndago mara nyingi maana yake maji yako chini tu hata kama juu pamekauka. Bonyeza kwa kisigino, uhesabu mpaka 10: shimo likijaa maji, sogeeni. Palipo bora ni mwamba bapa, changarawe, au nyasi kavu fupi zisizo na maua. Mkitembea pasipo na njia, tawanyikeni ili nyayo zisifuatane na kuchora njia mpya. Maua yabaki yalipo.

Moto wa kuni usiwashwe. Jiko dogo la gesi liwekwe juu ya jiwe. Choo kiwe angalau mita 60, kama hatua 80, kutoka kwenye maji na njia: shimo la sentimita 15 hadi 20, lifukiwe, na karatasi irudi nanyi kwenye mfuko uliofungwa.

Kisha nyamazeni. Dakika 20 za kwanza ndizo ngumu, kwa sababu ndege na wanyama wadogo wamejificha kwa ujio wenu na uwanda unaonekana mtupu. Kundi likikaa pamoja bila muziki wala kuinukainuka, watarudi wenyewe.

Mambo yakibadilika

Mawingu meupe yanayovimba kwenda juu kama koliflawa kabla ya saa 6 mchana ni onyo la kutosha. Mkiona umeme, hesabuni sekunde mpaka ngurumo na mgawanye kwa 3: jibu ni kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10, na hapo ndipo pa kuondoka. Uwandani ninyi ndio mrefu kuliko vyote. Msikimbilie mti uliosimama peke yake. Shukeni kwenye msitu wa miti inayolingana urefu, achaneni mita kadhaa kila mtu, na mchuchumae juu ya mabegi, miguu ikiwa pamoja. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Juu ya mita 2,500, kichwa kuuma pamoja na kichefuchefu huenda ni ugonjwa wa mwinuko. Dawa yake ni kushuka, naye asishuke peke yake.

Mtu akishindwa kutembea, mvalisheni kila kilicho kikavu, mwekeni juu ya begi asigusane na ardhi, na pigeni simu. Pasipo na mtandao, ishara ya dhiki ya milimani ni filimbi au tochi mara 6 ndani ya dakika 1, kimya dakika 1, kisha tena. Jibu la aliyewasikia ni mara 3 kwa dakika. Endeleeni hata baada ya jibu, ili awafikie.

Mkifika chini

Kupe hungoja kwenye ncha za nyasi, kwa hiyo kagua nyuma ya magoti, kinena, kwapa na mstari wa nywele, na watoto wakaguliwe na mtu mzima. Aliyeng'ata mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma. Andika tarehe, ukipata homa au upele ndani ya wiki zinazofuata, mwonyeshe daktari.

Fungua viatu vikauke kivulini, mbali na moto, maana joto kali hulegeza gundi ya soli. Ila kabla ya hayo yote, mpigie yule uliyemwachia ujumbe.